Mshenga wa Mswada: Mawakala wa Waandishi na Kile Walichokitafuta

Kiswahili kina majina kadhaa ya mtu anayesimama kati ya wawili, na kila jina lina kazi yake. Dalali hupaza sauti sokoni ili bei ipande. Mshenga hubeba posa, naye hupimwa kwa adabu ya ulimi wake kabla ya kupimwa kwa jambo alilolileta. Wakili husema mahali ambapo mwenye shauri hawezi kujisemea. Wakala naye ametoka katika mzizi uleule wa Kiarabu alikotoka wakili, na ndugu yao wa tatu ni tawakali, neno tunalolitumia tunapomwachia Mungu jambo lililotushinda. Wote watatu wamebeba maana ya kukabidhi: kuweka kilicho chako mkononi mwa mwingine, ukiamini kwamba hatakuhini.

Wakala wa fasihi, yaani yule anayewauzia wachapishaji miswada ya waandishi na kuchukua sehemu ya mapato, ana kidogo cha kila mmoja wa hao. Waandishi chipukizi huuliza sana mtu huyu anatafuta nini, na majibu wanayopewa aghalabu ni ya kanuni: barua iwe ya ukurasa mmoja, muhtasari uwe mfupi, sura za mwanzo ziambatishwe, mswada wa riwaya uwe umekamilika kabla ya kutajwa. Kanuni hizo ni za kweli, lakini hazielezi sababu. Sababu zimo katika historia ya kazi yenyewe, ambayo ina umri wa takriban miaka 150 tu, na ambayo inawagusa washairi wa Kiswahili kwa namna wasiyoitarajia.

Tuanzie London ya miaka ya 1870. Sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilikuwa imeanza kuzaa kizazi kipya cha wasomaji, na magazeti yalikuwa na njaa ya maandishi. Katika mji wa Bolton, kampuni ya Tillotson ilianza mnamo 1873 kununua riwaya na kuzigawa kwa magazeti ya mikoani, hata hadithi moja ikawa inasomwa kwa mfululizo katika miji mingi kwa wakati mmoja. Mwandishi mwenye hadithi moja alijikuta, pengine bila kujua, ana mali nne au tano: haki ya gazeti, haki ya kitabu cha bei ghali, haki ya kitabu cha bei nafuu, haki ya kuuza katika makoloni, haki ya tafsiri. Mwaka 1891 ikaongezeka nyingine iliyo kubwa kuliko hizo, pale Marekani ilipokubali kwa mara ya kwanza kulinda hakimiliki za waandishi wa kigeni. Kabla ya hapo mchapishaji wa New York aliweza kukichapa kitabu cha Mwingereza bila kumlipa hata senti, na sheria isimguse.

Mali ilikuwapo, basi, lakini wenye mali hawakujua kuihesabu. Wengi waliuza hakimiliki yote kwa mkupuo na kwenda zao. Wengine walikubali mpango wa kugawana faida nusu kwa nusu, mpango ambao mchapishaji ndiye aliyeshika daftari la gharama, na gharama zilikuwa na tabia ya kukua. Mrabaha, ule utaratibu wa kumlipa mwandishi sehemu fulani ya bei ya kila nakala inayouzwa, ulikuwa bado haujaenea.

Kisa kinachoonyesha hali ile vizuri zaidi kinahusu kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua. Wazee wetu wengi walikisoma shuleni kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, katika tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929. Kitabu chenyewe, King Solomon's Mines, kilichapwa na kampuni ya Cassell mwaka 1885. Mwandishi wake, H. Rider Haggard, alisimulia baadaye katika kumbukumbu za maisha yake jinsi alivyopewa hiari mbili katika ofisi ya kampuni ile: achukue pauni 100 na kuachia hakimiliki yote, au achukue malipo madogo ya awali pamoja na mrabaha wa asilimia 10. Alikwisha kuamua kuchukua zile pauni 100. Mkuu wa ofisi alipotoka kidogo, karani aliyekuwa ameketi pembeni, ambaye Haggard hakuwa amemtia maanani, alimshauri kimyakimya achukue mkataba ule mwingine. Akamsikiliza. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 31,000.

Karani yule hakupata ujira wowote kwa neno lake. Nathubutu kusema kwamba kazi nzima ya uwakala imo katika sentensi ile moja aliyoitamka, na kwamba aliyefuata alichofanya ni kuipa sentensi hiyo bei.

Aliyefuata alikuwa Mskoti aitwaye Alexander Pollock Watt. Alianza kwa urafiki. Mwandishi George MacDonald alimwomba amsaidie kuuza hadithi zake, naye akafanya hivyo, kisha wengine wakaja na ombi lilelile, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1880 Watt alikuwa akijitangaza kuwa wakala wa fasihi, akitoza asilimia 10 ya kile alichomletea mwandishi. Asilimia hiyo ikawa ada ya kazi hii kwa takriban miaka mia moja. Orodha ya wateja wake inashangaza: Wilkie Collins, Thomas Hardy, Arthur Conan Doyle, Rudyard Kipling, W. B. Yeats, na Rider Haggard mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa mkataba mwingine uliomfunga kwa mchapishaji kwa miaka ya mbele. Hasira ya mkataba ule aliimwaga katika riwaya ya mwaka 1888, Mr Meeson's Will, inayomhusu mwandishi msichana aliyenyonywa na mchapishaji tajiri, ambaye baada ya merikebu kuzama anachanjwa wasia wa mchapishaji huyo mgongoni mwake. Sijui riwaya nyingine ambamo mkataba wa uchapishaji umelipiziwa kisasi kwa namna ya ajabu kama hiyo.

Watt alitafuta nini? Tukitazama orodha yake tunaona jambo moja bila kificho: alitafuta watu waliokwisha kujulikana. Hakuwa mlezi wa vipaji. Alikuwa mfanyabiashara aliyegundua kwamba jina lenye soko linaweza kuuzwa mara nyingi zaidi ya mwenye jina anavyodhani, na alichokitaka kwa mwandishi kilikuwa wingi na uendelevu, kitabu hiki kikifuatwa na kingine. Haggard anasimulia kwamba alipomaliza kuandika She aliupeleka mswada katika ofisi ya Watt, akaubwaga mezani na kutamka kwamba hicho ndicho kitu ambacho yeye angekumbukwa nacho. Hayo ndiyo maneno ambayo kila wakala hupenda kuyasikia, alimradi mwandishi awe pia ameanza kitabu kinachofuata. Watt alijua vilevile kuitangaza biashara yake. Alikusanya barua za shukrani kutoka kwa wateja na kuzichapa kijitabu, sawasawa na mganga anayebandika mlangoni ushuhuda wa waliopona.

Wachapishaji hawakumpenda. Mwaka 1893 William Heinemann, aliyekuwa ameanzisha kampuni yake miaka mitatu tu nyuma, aliandika kwa ukali katika jarida la Athenaeum akilalamika kwamba zama zimekuwa za watu wa kati, na kwamba mtu wa kati aghalabu ni kupe anayenenepa kwa damu ya wengine. Upande wa pili walisimama waandishi wa Chama cha Waandishi, kilichoundwa na Walter Besant mwaka 1884 ili kupigania mikataba ya haki. Besant mwenyewe alikuwa mteja wa Watt. Mabishano yale yalikuwa makali, na msomaji wa leo akiyapitia ataona kwamba chini ya matusi kulikuwa na swali moja tu: nani aijue bei ya mswada? Hadi wakati ule alikuwa akiijua mnunuzi peke yake.

Mageuzi yaliyoleta sura ya wakala tunayemjua leo hayakutoka kwa Watt. Yaliletwa na James Brand Pinker, aliyefungua ofisi London mnamo Januari 1896 baada ya kufanya kazi magazetini. Pinker alitangaza kwamba yuko tayari kuwasaidia waandishi wachanga katika hatua za mwanzo, jambo ambalo mwenzake hakulijali sana. Kwake walipitia Henry James, H. G. Wells, Arnold Bennett, Stephen Crane na D. H. Lawrence. Lakini mteja aliyempima Pinker kuliko wote alikuwa Joseph Conrad.

Hapa inafaa tutue, maana kisa cha Conrad kinajibu swali letu kuliko mwongozo wowote. Conrad alikuwa Mpolandi, baharia wa zamani, aliyekuwa akiandika kwa lugha yake ya tatu baada ya Kipolandi na Kifaransa. Pinker alipomwendea mwaka 1899, Conrad alimwandikia kumwonya kwamba namna yake ya kuandika haina utaratibu wa kibiashara hata kidogo, na kwamba hadhani mtu kama yeye anaweza kumfaa wakala. Ilikuwa barua ya posa iliyopinduliwa: mposwaji anamtajia mshenga aibu zake zote kabla hajaulizwa. Pinker akamchukua hata hivyo.

Kwa miaka kumi na zaidi Pinker alimlipa Conrad fedha ambazo vitabu vilikuwa havijazaa. Alimlipa kwa kurasa zilizokuwa zinakuja kwa kuchelewa, akalipa madeni ya nyumbani, akavumilia riwaya zilizoahidiwa kuwa hadithi fupi na zikakataa kwisha. Kufikia 1909 deni la Conrad kwake lilikuwa limepita pauni 1,500, fedha nyingi sana kwa zama zile. Januari 1910 wakagombana ofisini juu ya mswada wa Under Western Eyes. Katika ugomvi huo Pinker alimtolea Conrad neno la kwamba hazungumzi Kiingereza, naye Conrad alilishika neno lile moyoni. Unaweza kumdai mshairi fedha na mkabaki marafiki. Ukimgusa lugha yake umemgusa utu. Alirudi nyumbani akaugua vibaya, na kwa muda mrefu wawili hao hawakusemezana isipokuwa kwa ukavu wa kikazi.

Kisha ikaja Chance. Ilitoka kwanza kwa mfululizo katika gazeti la New York Herald mwaka 1912, na ilipochapwa kitabu ikauzwa kuliko chochote alichokuwa amekiandika Conrad kabla yake. Madeni yakalipika. Urafiki ukarudi, ukadumu hadi Pinker alipofariki New York mwaka 1922.

Sasa mtu akiuliza Pinker aliona nini mwaka 1899, jibu haliwezi kuwa soko, kwa sababu soko halikuwapo. Haliwezi kuwa nidhamu, kwa sababu mwenyewe alikwisha kuikana. Aliisikia sauti ambayo haikufanana na nyingine yoyote, akapiga hesabu kwamba sauti hiyo itaendelea kusema kwa miaka mingi, na kwamba siku moja watu watatega sikio. Tangu hapo mawakala wamekuwa na mizani miwili mkononi, wa Watt na wa Pinker. Wa kwanza hupima kile kinachoweza kuuzwa sasa na katika vipande vingapi. Wa pili hupima kile ambacho mtu huyu ataandika baada ya hiki anacholeta. Barua ya ukurasa mmoja inayodaiwa siku hizi ni mahali ambapo mizani yote miwili hutumika kwa pamoja: sentensi za mwanzo zinamweleza wakala kitabu kitasimama kwenye rafu gani ya duka, na namna sentensi zenyewe zilivyosukwa inamweleza kama mwandishi ana sikio. Ndiyo maana muhtasari peke yake hautoshi, na kurasa za mwanzo huombwa. Mshenga anataka kumsikia mposaji akizungumza.

Ada imepanda, kutoka asilimia 10 ya Watt imekuwa, kwa kawaida, asilimia 15 nyumbani na 20 kwa haki zinazouzwa nje. Lakini msingi haukubadilika: wakala hulipwa kutokana na kile alichokiuza. Anayedai fedha ili ausome mswada, au ili “amwandikishe” mwandishi, si wakala, na vyama vya mawakala huko Marekani na Uingereza vimekwisha kulikataza jambo hilo kwa wanachama wao. Nalitaja kwa sababu siku hizi ujumbe wa namna hiyo huwafikia washairi wetu kila mara, umeandikwa kwa Kiingereza chenye sifa tele, na mwisho wake ni nambari ya akaunti.

Na ushairi je? Yeats alikuwa na wakala, lakini Yeats aliandika pia tamthilia na nathari, na jina lake lilikuwa kubwa. Kwa jumla mawakala wa Ulaya na Marekani hawapokei diwani za mashairi, isipokuwa mwenye diwani ana riwaya pembeni au amekwisha kupata tuzo kubwa. Washairi huko hupeleka miswada yao moja kwa moja kwa majarida na wachapishaji wadogo. Hakuna dharau katika hilo, ni hesabu. Tufanye mfano wa kwetu: diwani inauzwa shilingi 10,000 za Tanzania, mrabaha ni asilimia 10, na zimeuzwa nakala 1,000, jambo ambalo kwa diwani si dogo. Mshairi anapata shilingi 1,000,000. Wakala mwenye asilimia 15 anapata 150,000, kwa kazi ya miezi ya kusoma, kuandika barua, kujadili na kufuatilia. Hata mwenye mapenzi makubwa na vina na mizani hawezi kulisha nyumba kwa hesabu hiyo.

Lakini kutokuwa na wakala hakumaanishi kutokuwa na mtu wa kati. Ushairi wa Kiswahili umekuwa na washenga wake, na kila mshenga alikuwa na alichokitafuta, na kile alichokitafuta ndicho kilichotufikia.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani na vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kwa ajili ya, na pamoja na, mmisionari William Taylor, aliyekuwa Mombasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Yakahifadhiwa katika karatasi za Taylor, kisha William Hichens akayahariri, na Diwani ya Muyaka ikachapwa mwaka 1940, miaka 100 kamili baada ya kifo cha mshairi. Haikuchapwa Mombasa wala London. Ilichapwa Johannesburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za Kibantu. Mwalimu Sikujua alitafuta alichokijua kuwa kizuri, maana naye alikuwa mshairi. Taylor alitafuta lugha, Kimvita katika kilele chake. Mchapishaji alitafuta kitabu cha kuweka katika mfululizo wa kitaaluma. Hakuna kati yao aliyekuwa na sababu ya kuuliza warithi wa Muyaka watapata nini.

Kisha akaja mshenga wa kiserikali. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, yuleyule mfasiri wa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu kilichotaka kuingia shuleni kilipita mbele ya Kamati ili kithibitishwe kuwa kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Kamati ilitafuta usahihi wa tahajia na sarufi kwa kadiri ilivyoufahamu. Mshairi wa Lamu au Pemba aliyekuwa na maneno ambayo Usanifu haukuyatambua alikuwa na mposo mgumu. Mwaka 1948 likaundwa Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki, ambalo lilikaribia zaidi kazi ya wakala wa kweli: lilipokea miswada kutoka kwa waandishi wenyeji, likaisoma na kuirekebisha, mingine likaichapa na mingine likaipeleka kwa makampuni ya kibiashara. Lakini shirika la serikali haliwezi kumtetea mwandishi dhidi ya mchapishaji huku lenyewe likiwa mchapishaji. Lilitafuta vitabu vyenye manufaa kwa umma, na hivyo ndivyo lilivyovipata.

Shaaban Robert aliishi katikati ya mambo hayo yote. Ukiviweka vitabu vyake mezani na kusoma majina ya wachapishaji peke yake, unaona safari ya mtu anayebisha hodi nyumba hadi nyumba. Pambo la Lugha lilitoka Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, katika mfululizo uleule wa Muyaka. Kusadikika ilitoka kwa Nelson mwaka 1951. Adili na Nduguze ilitoka kwa Macmillan mwaka 1952. Insha na Mashairi ilitoka mwaka 1959 kwa Art and Literature ya Tanga, uchapishaji alioufanya mwenyewe nyumbani. Huyu alikuwa karani wa serikali, mwenye kazi za mchana, na kila mkataba alikabiliana nao peke yake. Tukimpima kwa mizani ya mawakala, alikuwa na vyote viwili: wingi na uendelevu ambao Watt angeupenda, na sauti ambayo Pinker angeikopesha fedha. Kilichokosekana ni mtu wa kuvikusanya vitabu vile mkono mmoja na kusema kwa niaba ya vyote kwa pamoja, jambo ambalo lingempa nguvu ya bei. Kazi hiyo ilianza kufanyika baada ya kifo chake, kampuni ya Nelson ilipovitoa vingi katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban.

Kifo hicho kilitokea Juni 1962. Mwezi huohuo, Chuo cha Makerere huko Kampala kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Kijana mmoja mwanafunzi, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Chinua Achebe mswada wa riwaya autazame. Achebe aliupenda, akaupendekeza kwa Heinemann, na mwaka 1964 ukatoka Weep Not, Child. Heinemann ndiyo ileile kampuni ambayo mwanzilishi wake aliwaita watu wa kati kupe. Achebe naye alijua thamani ya mshenga: mswada wake wa Things Fall Apart ulipitia kwa wakala London, ukakataliwa na wachapishaji waliosema kwamba riwaya za Waafrika hazina soko, kabla ya Heinemann kuuchapa mwaka 1958 kwa nakala 2,000 za mwanzo. Wasomaji wa Kiswahili waliupokea kwa jina la Shujaa Okonkwo, kwa tafsiri ya Clement Ndulute, mwaka 1973. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ aliukumbuka mkutano wa Makerere na kuuliza imekuwaje Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki aliyekuwa hai siku hizo, hakustahili kualikwa. Mlango wa ushenga ulikuwa umefunguliwa katika lugha moja tu.

Tangu hapo mlango wetu umekuwa mahali pengine. Mchapishaji wa Nairobi au Dar es Salaam hutazama kwanza kama kitabu kinaweza kuingia katika mtaala, kwa kuwa shule ndizo zinunuazo. Kwa hiyo aliyeshika mizani ya Watt kwetu ni taasisi ya mitaala. Mizani ya Pinker imehamia kwenye tuzo: ile ya Mabati-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 na sasa inaitwa Safal-Cornell, imewachukua washairi na waandishi wa nathari wasiojulikana, ikawapeleka kwa mchapishaji na kuwatafutia tafsiri. Hata hivyo tuzo humtazama mwandishi mara moja. Haimwulizi ataandika nini mwaka kesho, wala haiketi naye kusoma kipengele cha mkataba kinachosema kwamba haki “zote, za namna yoyote, popote na milele” ni za mchapishaji. Kipengele hicho kipo katika mikataba mingi inayopitishwa mikononi mwetu, na maana yake ni pauni 100 za Haggard, bila karani pembeni. Haki ya kurekodi sauti, haki ya kuimbwa taarabu, haki ya filamu, haki ya tafsiri, haki ya kuchapwa katika kitabu cha shule cha nchi nyingine: kila moja ni mali inayoweza kutajwa na kubakizwa, hata na mshairi asiye na mtu wa kumsemea, iwapo anajua kwamba ipo.

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, inayosimulia mwambao wetu na bara yake kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilichapwa Uingereza mwaka 1994. Mwandishi wake alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mwaka uliofuata haki ya Kiswahili ilikuwa Dar es Salaam, Ida Hadjivayanis akiwa ameifasiri na Mkuki na Nyota wakiwa wameichapa kwa jina la Peponi, miaka 28 baada ya kuandikwa juu ya watu ambao lugha yao ilikuwa hiyo.